Sura ya Baba na Miaka Minane: Kisa cha Ukuta Mmoja wa Kondele

Ukuta wenyewe hauna fahari yoyote. Ni ubavu wa ploti ya vyumba vya kupanga mjini Kisumu, upande wa Manyatta, si mbali na barabara ya juu ya Kondele, na unatazamana na steji ya boda boda. Kwa miaka ulibeba tangazo la sabuni lililopauka mpaka mama aliyekuwa akianua nguo akabaki meno na kamba. Leo umebeba sura ya Raila Amolo Odinga, kiongozi wa upinzani ambaye wafuasi wake walimwita Baba, kitambaa cheupe mkononi, na kando yake safu ya miaka minane iliyoandikwa kwa tarakimu tupu, bila neno hata moja la maelezo.

Wapita njia wanaouliza ulichorwaje hutaka hadithi ya haraka: kiongozi kafa, vijana wameumia, msanii kashika brashi. Haikuwa hivyo. Kati ya maziko na rangi kulikuwa na ubishi wa kutosha kuvunja urafiki. Mimi niliombwa kuandika kumbukumbu za vikao, eti kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ubishi ule ndio uliokuwa kazi yenyewe. Picha ni masalio yake.

Msiba uliokatizwa

Raila alifariki asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2025 katika jimbo la Kerala, India, alikokwenda kutibiwa. Alikuwa na miaka 80. Kesho yake mwili ulitua Nairobi, umati ukausindikiza kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa michezo wa Kasarani, na huko askari wakafyatua risasi, watu wakafa katikati ya kuaga. Tarehe 17 ikawa ibada ya kitaifa Nyayo, tarehe 18 zamu ya Kisumu katika uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, na tarehe 19 akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, alikolala babake. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe upesi, ndani ya saa 72, na jamaa zake walijitahidi kadiri walivyoweza.

Wosia ni wosia, hauvunjwi. Lakini anayeyajua matanga ya Wajaluo anajua siku nne ni nini kwa mtu wa kimo kile. Mazishi ya jaduong', mzee wa heshima, huku kwetu yana usiku wa kukesha, yana jamaa wa mbali wa kungojwa, yana hotuba ndefu na magomvi ya nani aketi wapi, na yana tero buru, wanaume wakikimbia na ng'ombe na matawi kwenda kukitimua kifo mpaka nje ya mipaka. Siku habari ilipofika Kisumu, mji ulifanya tero buru yake bila kuagizwa na mtu. Watu walimwagika barabarani na matawi mikononi, pikipiki zikanguruma kwa safu, kilio na wimbo havikutengana. Jumapili akazikwa. Jumatatu ikawa sikukuu ya Mashujaa. Jumanne maduka yakafunguliwa na abiria wakaanza kuteta juu ya nauli, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo steji ndipo wazo lilipozuka. Aliyelitoa ni mwendeshaji boda ambaye kwa kawaida hasemi mengi. Alisema, "Tumemzika haraka. Tumwekee kitu kisichopita haraka." Wengine wakageuza macho wote kuelekea tangazo la sabuni.

Picha ya ndani na picha ya nje

Kabla ya kuingia katika mabishano, kuna jambo la kuwekwa wazi, kwa sababu bila hilo mtu atadhani ni mapenzi tu ya vijana kwa mzee wao.

Ingia duka, hoteli au ofisi yoyote Kenya, uinue macho juu ya kaunta. Utaona picha rasmi ya Rais kwenye fremu. Jomo Kenyatta alitundikwa, Moi akatundikwa miaka 24, wakafuata Kibaki, Uhuru na sasa Ruto. Mwenye duka hakuulizwa anampenda nani. Anaitundika kama anavyotundika leseni, ili asisumbuliwe. Raila aligombea urais mara tano, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na hakuna mwaka ambao sura yake ilipata idhini ya kukaa juu ya kaunta kwa namna hiyo. Kuna watu hapa Kondele waliompigia kura mara zote tano na wakanunua sukari mara zote chini ya picha ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nionavyo mimi, mchoro wa heshima barabarani, kwa upande huu wa nchi, ni picha rasmi ya aliyekosa picha rasmi. Tofauti ni kwamba picha ya ndani hutoka kwa serikali ikiwa imekwisha kuamuliwa: suti ipi, tabasamu kiasi gani, bendera iko wapi. Ya nje haina wa kuiamulia. Ni lazima wale watakaoishi nayo wakae chini wakubaliane, na watu wa Kondele hukubaliani nao kwa bei rahisi.

Mtu anaweza kusema serikali nayo huwakumbuka wasiokuwa marais, ikipewa muda. Ni kweli, na muda wenyewe ni huu: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957, sanamu yake Nairobi ikasimama 2007. Tom Mboya, aliyekuwa waziri, alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, sanamu yake kwenye Barabara ya Moi ikazinduliwa 2011. Wenye steji hawakuwa tayari kungojea miaka arobaini.

Sura ipi?

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye benchi za kinyozi aliyepanga chumba cha mwisho cha ploti. Walikuwapo mwenyekiti wa steji na wenzake, mama mwenye ploti, mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hakuna kikao cha mtaa kinachofanyika bila yeye, msichana wa chuo kikuu anayekaa ploti ya nyuma, na mchoraji. Mchoraji huyu alianzia matatu. Kanuni za usafiri za Michuki za 2004 zilipoleta mstari wa njano na michoro ya magari ikabanwa, alihamia kwenye vibao vya maduka, na tangu hapo ameandika "Hoteli" na "Salon" katika mitaa mingi ya mji huu.

Mzee wa reli alitaka Raila wa suti, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2013, mtu wa kuheshimika. Waendeshaji boda wakataka Raila aliyesimama juu ya paa la gari, kipaza sauti mkononi. Mmoja akataka Raila wa tarehe 30 Januari 2018, Biblia imeinuliwa pale Uhuru Park akijiapisha kuwa rais wa wananchi. Msichana wa chuo alikuja na wazo lililowashangaza wote: asichorwe mtu, ichorwe kofia tu. Alikuwa na maana ya kofia ile ambayo Winnie alishuka nayo kwenye ndege ilipotua na mwili wa babake, akaenda kumkabidhi mamake, Mama Ida. Nchi nzima iliiona. Nilidhani wazo hilo lingeshinda, maana lilikuwa zuri, na mchoraji mwenyewe alilipenda kwa sababu kofia haina mdomo wa kukosewa. Mzee akalimaliza kwa swali moja: "Mtu akizikwa, unaweka kofia mlangoni watu waisalimie?" Vijana wakacheka, kofia ikaanguka.

Wakaafikiana juu ya kichwa na mabega, bila gari, bila Biblia, bila suti inayoonekana sana. Hapo mchoraji akaingia na masharti ya ufundi, na nakiri nilijifunza mengi. Ukuta uliokwisha kubeba tangazo haufunikwi tu. Rangi ya zamani hukwanguliwa kwa brashi ya waya, ukuta ukaoshwa, ukaachwa ukauke, na mwezi Oktoba mvua za vuli zinapobisha hodi kila jioni kukauka si jambo la kuahidiwa. Kisha inapakwa rangi ya msingi nyeupe, halafu ndipo miraba inapigwa kwa chaki, mraba kwa mraba sawasawa na ile aliyoichora juu ya picha kwenye simu yake. Rangi ya ngozi hakununua. Aliichanganya mwenyewe kwa nyekundu ya udongo, njano, nyeusi na nyeupe kidogo, na akachanganya nyingi kwa mara moja, kwa sababu ukirudia kesho hupati ile ile.

Siku sura ilipoanza kutokea, mwendeshaji mmoja alisimamisha pikipiki, akatazama, akapaza sauti: "Omera, huyu ni Oburu!" Steji nzima ikavunjika mbavu. Ndugu wa mtu hufanana naye, na Oburu Oginga ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa uongozi wa chama cha Raila, ODM, kwa hiyo mzaha ulikuwa na makali mawili. Mchoraji hakucheka. Alikaa mbali muda mrefu, kisha akarudi akashughulikia jicho. Wote tuliomwona Raila jukwaani tunakumbuka jicho lake lilivyokuwa likitoka machozi, na kitambaa kisichokuwa mbali na mkono. Alipolegeza kope na kuongeza kitambaa, Oburu akaondoka, Raila akaja. Mzee wa reli alilalamika kwamba kiongozi haonyeshwi akijifuta machozi. Mama mwenye ploti, aliyekuwa kimya hadi hapo, akamwambia, "Jaduong', wewe ulimwona lini bila hicho kitambaa?" Kitambaa kikabaki.

Miaka

Hapa ndipo kisa kinapopata uzito, na hapa ndipo kazi nzima ilipokaribia kufa.

Msichana wa chuo aliuliza: "Mnamchora mmoja. Waliokufa kwenye maandamano mtawaandika wapi?" Hakuuliza kwa ugomvi, lakini benchi zilinyamaza. Alikuwa na orodha kwenye daftari. Jina la kwanza lilikuwa la Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita wa Nyalenda aliyepigwa ndani ya nyumba yao wakati wa msako wa polisi baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, na ambaye uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 uliwabebesha polisi lawama ya kifo chake. Jina la mwisho lilikuwa la Albert Ojwang, mwalimu wa Homa Bay aliyekufa mikononi mwa polisi Nairobi, Juni 2025. Katikati kulikuwa na wengine wengi, baadhi yao wa mitaa hii hii.

Waendeshaji boda waliunga mkono mara moja. Mchoraji akaguna kwamba herufi hula muda kuliko uso, na jina likikosewa herufi moja ni tusi kwa familia. Mwingine akauliza orodha itaanzia wapi na nani ataamua nani aingie. Mjadala ulikuwa ukielekea kwenye kamati, na kamati mtaani ndiyo kaburi la kila jambo, mpaka mwanamume mmoja aliyeketi nyuma akazungumza. Wengi tulijua kwamba mpwa wake aliuawa katika maandamano ya 2023. Alisema, "Msimwandike. Mama yake hupita hapa kila siku akienda Kibuye sokoni."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mnara wa ukumbusho hutembelewa na mtu akipenda. Ukuta wa njia ya sokoni haukupi nafasi ya kupenda au kutopenda. Unamkuta mama na kikapu chake, asubuhi na jioni, tayari au si tayari. Wanaochora majina ya waliouawa mitaani, hapa na kwingineko, huwa na nia njema, lakini sijaona wengi wakiliuliza swali la nani hupita hapo.

Ni mzee wa reli, yule yule wa suti, aliyetoa njia. Alisema yaandikwe miaka tu. "Mwenye kujua atajua." Na akadai ianzie 1969.

Baadhi ya vijana hawakujua. Basi akawasimulia, na kwa mara ya kwanza katika vikao vyote simu ziliwekwa chini. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo watu wazima bado wanaiita Russia na ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila. Mboya alikuwa ameuawa miezi mitatu tu kabla, mji ulikuwa na jeraha bichi. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatua risasi. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku na yeye akatiwa kizuizini. Mzee alikuwa mvulana wa shule wakati huo. Hakusimulia alichokiona, alisimulia jinsi walivyokimbia.

Miaka mingine ikaja kwa mtiririko. 1982, jaribio la mapinduzi la Agosti na Raila kutupwa kizuizini hadi 1988. 1990, mwaka ulioanza na mauaji ya Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko mwezi Februari na kufika maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi mwezi Julai, Raila akikamatwa tena. Kisha wakabishana 2007 au 2008: kura iliibwa 2007, akasema mmoja, lakini damu ilimwagika zaidi 2008. Ikaandikwa 2008. Ikafuata 2017.

2018 ilikataliwa. Mwaka ule una vichwa viwili: Januari Raila alijiapisha, Machi 9 akatoka na Uhuru Kenyatta kwenye ngazi za Harambee House wakashikana mikono. Nusu ya kikao ilitaka Januari, hakuna aliyetaka kueleza Machi. Wakauacha mwaka mzima, na mimi naona hapo walikwepa. Mchoro unaodai kubeba historia ya mtu hauwezi kuchagua nusu ya mwaka, na usipoweza kuibeba nusu nyingine ni afadhali useme hivyo. Lakini sikuwa na kura, nilikuwa na kalamu tu.

2023, maandamano ya gharama ya maisha, haikupingwa. 2024, ule Juni wa Mswada wa Fedha vijana walipoingia Bungeni tarehe 25, haikupingwa pia. Ya 2025 ilipita kwa sababu ya kuchekesha: kila mtu alikuwa na 2025 yake. Kwa mzee ni mwaka wa kifo cha Baba. Kwa msichana wa chuo ni mwaka wa Ojwang. Kwa waliokwenda Nairobi ni Kasarani. Na kwa wachache walioinamisha vichwa ni tarehe 7 Machi, siku Raila alipotia saini mapatano na Ruto, akawaacha mataani baadhi ya vijana waliokuwa barabarani miezi tisa nyuma. Tarakimu nne ziliwatosha wote, na hakuna aliyelazimika kukiri mbele ya mwenzake alikuwa akifikiria nini.

Huo ndio ustadi wa miaka minane ile, na pia udhaifu wake. Inawaunganisha watu kwa kutowaambia wanaungana juu ya nini. Mtoto wa darasa la nne akisimama pale ataona hesabu. Nilipomwambia mzee hivyo alijibu, "Ataniuliza." Sawa. Lakini mzee naye ana siku zake, na hakuna aliyejitolea kushika simulizi baada yake.

Fedha, na mtu wa 2027

Rangi si bure. Steji ilichanga, wengi hamsini, wengine mia, mama mboga wa kona akatoa chai ya mchoraji kila asubuhi. Ilikuwa inaelekea kutosha, ndipo akatokea mheshimiwa mtarajiwa, mmoja wa wale wanaokitamani kiti cha 2027. Alijitolea kulipa yote: rangi, ngazi, ufundi, na chakula cha siku ya kuzindua. Sharti lilikuwa dogo, akasema. Chini kabisa kwenye kona, jina lake na neno "mdhamini".

Mwenyekiti wa steji alikuwa tayari kukubali, na sitamdharau kwa hilo. Mtu anayehesabu mafuta kila jioni hazioni fedha kama anavyoziona msomi. Waliokataa hawakukataa kwa maadili. Walikataa kwa hesabu ya kisiasa: jina la mmoja likikaa chini ya Baba, wapinzani wake watano watauharibu ukuta usiku. Walichukua ngazi yake tu, wakamrudishia.

Siku mchoro ulipokamilika, alifika na mpiga picha. Akasimama mbele ya ukuta, mkono kifuani, uso umeinamishwa. Kesho yake picha ilikuwa kwenye simu za watu wote, maneno ya rambirambi chini yake na hakuna popote alipotajwa mwendeshaji boda hata mmoja. Ukuta walimnyima, kamera ikampa. Sioni dawa ya jambo hili. Kilicho barabarani kiko barabarani, na ukikizuia kupigwa picha umekiua.

Masharti ya mama

Mama mwenye ploti ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na kisheria ilikuwa hivyo pia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa kisanaa, ila si uchochezi wala matamshi ya chuki. Lakini Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la kuharibu mali ya mtu, na brashi kwenye ukuta wa mtu bila ruhusa yake inaweza kuangukia hapo. Idhini ya mama ndiyo iliyotenganisha heshima na jinai.

Aliitoa kwa sharti moja: asiandikiwe chama. Hakuna jina la chama wala nembo. Wapangaji wake ni wa kila aina, na uchaguzi ukifika hataki mlango wake ujulikane kuwa wa upande fulani. Vijana walinung'unika, maana chungwa, nembo ya ODM, na Raila haviachani tangu kura ya maoni ya Novemba 2005, ndizi ilipokuwa "Ndiyo" na chungwa "La", na La ikashinda. Mchoraji hakunung'unika. Alichora nyuma ya mabega anga la jioni juu ya ziwa, jua likizama, na kila anayeijua Kisumu anajua anga hilo lina rangi gani. Mama alipoliona alisimama, akaweka mikono kiunoni. "Umenizunguka," akasema. Akacheka, akaenda zake.

Kilichofuata

Wengi huamini mchoro hulindwa na uzuri wake au na ukubwa wa anayechorwa. Mwaka 2014 jumuiya ya Makalasinga, yaani Masingasinga, ilisimamisha sanamu hapa Kisumu kuadhimisha karne moja ya kuishi mjini. Kilikuwa kitu cha gharama, mahali pa wazi. Wakazi waliona mtu wasiyemjua, wakasema ni mambo ya kishetani, wakaandamana, na sanamu ikaishia kuondolewa. Chuki ya watu wa asili nyingine ilikuwamo, nisiifiche. Lakini ilikuwa pia kazi iliyowashukia watu bila kikao.

Ukuta wa Kondele haujaguswa tangu ukamilike, katika mji ambao mabango ya wanasiasa hubandikwa hata juu ya mlango wa choo. Sababu si kitendawili. Aliyetoa hamsini yake anaketi mbele yake kutwa, akingoja abiria. Wale wa usiku nao wako pale.

Sehemu iliyojaa maandishi ni ya chini. Mchoraji alipaka utepe mweusi kutoka ardhini hadi magotini, kama wanavyofanya wengi hapa ili tope la mvua lisionekane. Watoto waligundua kwanza kwamba chaki inashika vizuri juu ya weusi ule, kisha wakubwa. Kuna salamu, kuna matokeo ya mechi za Gor Mahia, kuna mtu aliyetangaza chumba cha kupanga. Asubuhi moja palionekana maneno haya: "Baba, ulituuza?"

Mzee wa reli alitaka yafutwe hapo hapo. Mwenyekiti wa steji, ambaye nilishakuwa nimemweka kwenye kundi la watu wa tumbo, alikataa. Alisema lina alama ya kuuliza, na mtu akiuliza hapigwi. Walikubaliana kwamba matusi ya kabila yafutwe na yeyote atakayeyaona, mengine yaachwe. Kufikia jioni mtu alikuwa amejibu chini yake kwa Kijaluo, jibu refu ambalo sitalichapa. Mvua ya usiku iliyaosha yote mawili, na swali liliandikwa tena wiki hiyo hiyo, mwandiko tofauti.

Sasa hivi suala lililo mezani ni jingine. Wakala wa matangazo amemjia mama na ofa ya kukodi ukuta kwa mwaka, kwa kuwa tuktuk zimeanza kuuita mahali pale "kwa Baba" na watu husimama. Kodi anayoahidi inazidi ya chumba kimoja. Mama hakumficha mtu. Aliwaita steji akawaambia kiasi. Wamehesabu kwamba kila pikipiki ikitoa shilingi kumi kwa siku wanaweza kumfikia, na wamemwahidi hivyo. Yeye ameomba iandikwe kwenye karatasi, itiwe saini na mwenyekiti na mtunza hazina. Karatasi hiyo ninayo mimi, nimeiandika nusu, maana bado hawajakubaliana ni nani atakayekusanya kumi kumi hizo siku za mvua.